Seli Zilizopita

Seli ilipita.

Rogathe aliiona mwenyewe kwenye skrini ya darubini. Seli nyekundu ya damu, iliyopinda kama mundu, ilifika kwenye mfereji mwembamba kuliko unywele, ikasimama, ikatetemeka, kisha ikajikunja na kuteleza hadi upande wa pili. Nyuma yake ikaja nyingine. Nayo ikapita.

Kwa miaka sita ya utafiti wake wa fizikia ya seli, seli za wagonjwa wa selimundu zilikuwa zikinasa hapo hapo. Ndivyo ilivyosema ripoti yake, iliyotakiwa kutumwa leo.

"Huyo mgonjwa mmoja mwache tu," mwenzake wa utafiti alimwambia kwenye simu kutoka Dar es Salaam, alipoelezwa. "Tuma ripoti."

"Situmi," alijibu Rogathe. "Nilikosea, na sijawahi kufurahi hivi kwa kukosea."

Akakata simu, akamgeukia mwenye damu ile, mama wa kijiji cha Kisiwani aliyefika kwenye maabara yake mjini Same asubuhi ile. Bado alikuwa amebana pamba kidoleni.

"Mama, una miaka mingapi?"

"Sitini na mitatu. Wazazi wangu waliambiwa sitafika kumi na tano."

"Naomba tone jingine la damu."

Mama akanyoosha mkono wote juu ya meza, bila haraka.

"Chukua, mwanangu. Halafu umwite na mdogo wangu, yuko hapo nje. Ana ugonjwa huu huu, na mwezi ujao anatimiza sitini."