Kidole cha Baba

"Nchi yetu ina maziwa makubwa matatu, na wananchi tunamchagua rais kwa kura," nilisema kwa Kiingereza, kifua mbele. Darasa zima la jioni pale Mpanda liliamini kwetu ni Karema, hapahapa Tanzania. Ndivyo nilivyowaambia.

Mwalimu akamwita mwanafunzi mpya aonyeshe kwao kwenye ramani. Alikuwa baba yangu. Hakuniambia kwamba angekuja.

Kidole chake, kilichopasukapasuka kwa jembe, kikatua juu ya Burundi.

"Mzee, umeifunika nchi nzima!" mwanafunzi mwenzangu Kassiani akapayuka.

Walicheka. Nami nikacheka.

Baba akanitazama.

"Unamfahamu?" mwalimu akaniuliza.

"Hapana, mwalimu."

Baba alishusha kidole taratibu.

"Hujambo, kijana," akanisalimia, akaenda kukaa benchi la nyuma.