Jongoo na Jarida la Miguu

Enzi wanyama walipokuwa wakitibiana wenyewe, Nyegere alihariri Jarida la Tiba ya Miguu, na lolote lililochapwa humo wagonjwa walilifuata. Siku moja Daktari Korongo akamletea makala: "Mguu ukiuma, simamia mwingine siku saba."

Kwa kumstahi daktari, Nyegere akaipeleka mtamboni bila kuihakiki. Jongoo, aliyekuja kuulizia dawa, akaichungulia.

"Bwana Mhariri, yangu mia yote inauma. Nisimamie upi?"

"Usinichezee!" Nyegere akafoka, kisha akashtuka. "Daktari, uliwajaribu akina nani?"

"Korongo wenzangu kumi. Hakuna aliyelalamika!"

"Zimeni mtambo!"

Toka hapo makala haichapwi kabla Jongoo hajaisoma, na Korongo huisubiri hukumu yake akiwa amesimama kwa miguu yote miwili.