Jino la Kevina

Ng'ombe alirusha teke, na jino la mbele la Kevina likang'oka, likaanguka nyasini.

"Dada, litupe tu juu ya paa," jirani yake alimwambia.

"Kwani mimi mtoto, niote lingine?"

Akalitumbukiza kwenye kikombe cha maziwa aliyokuwa amekamua, lisikauke, akakimbilia barabara ya Busia na kusimamisha lori la pamba lenye bendera mpya ya uhuru, lililokuwa likienda Tororo. Njia nzima alifunika kikombe kwa kiganja, huku damu ikimchuruzika kidevuni.

Hospitalini, daktari wa meno alichungulia kikombe. "Mama, nani alikufundisha kulileta hivi?"

"Hakuna. Jino ni langu, ningeliachaje?"

Daktari alilirudisha mahali pake, akalifunga kwa waya, akampa kioo. "Sasa fumba mdomo."

Kevina alijitazama. Hakufumba.