Ufunguo Katikati ya Keki

Ufunguo wa kabati la dawa kali ulikuja umechomekwa katikati ya keki, pale ambapo watu wengine huchomeka mshumaa.

Matroni ndiye aliyeubuni mchezo huo. Alisimama mbele ya meza ya wauguzi, kisu mkononi, akangoja vicheko vitulie, kisha akamwita Profesa asogee. Wodi nzima ya wanaume ilikuwa inatazama, hata wale ambao kwa kawaida hawainui kichwa kwenye mto.

Profesa halikuwa jina lake. Wenzake walimbandika hilo kwa utani wiki aliyofika, waliposikia kwamba kwao alikuwa akifundisha wauguzi na kusimamia wodi kubwa kuliko hii. Hapa vyeti vyake vya nje havikutambuliwa. Alipewa beseni na kitambaa awaogeshe wagonjwa, na sindano akaambiwa asiiguse kabisa. Miaka ikapita. Dada yake alipompigia simu kumuuliza kama ameshakuwa mkubwa huko, alimjibu kwamba mambo yako njiani. Njia yenyewe hakuijua, na akikata simu alikuwa analia.

Matroni ndiye aliyemtoa huko. Alimsukuma afanye mitihani, akamsimamia kwenye mafunzo ya uongozi, akazunguka ofisi za watu akimwombea leseni mpaka juzi ikatoka. Ilikuwa leseni ya majaribio: doa moja tu, inafutwa, na mwenyewe anapanda ndege kurudi alikotoka.

Sasa mama huyo alikuwa anastaafu kabla ya wakati wake. Kazi ilikuwa imemla. Miezi ya karibuni mikono ilimtetemeka, alisahau alichokuwa akisema, na hakuvua sweta lake la mikono mirefu hata siku za joto. Kiti alikuwa anamwachia Profesa. Wapo walionong'ona kwamba wodi ina wenyeji tele, kwa nini apewe mgeni. Matroni aliwajibu mbele ya keki.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, na watu wakapiga makofi.

Kutoka kitanda cha dirishani mzee mmoja aliguna. Saratani ilikuwa imemwingia mifupani, lakini mdomo ulikuwa bado mzima. Alisema cheo hicho kimekuja wakati wake, maana sindano za wodi hii siku hizi ni maji matupu, na kama Profesa ni mkubwa kweli basi aanze na hilo. Wauguzi wakacheka. Daktari alikuwa ameshawaeleza kwamba mwili wa mzee umeizoea dawa, na mzee mwenyewe kwa maneno hajambo.

Matroni akauchomoa ufunguo, akaufuta krimu kwa leso, akaunyoosha mbele.

Kwao, Profesa aliwaimbisha wanafunzi wake jambo moja mpaka wakalichoka: hesabu kwanza, asante baadaye. Anayeondoka na anayeingia wanafungua kabati pamoja, wanagusa kila chupa, ndipo ufunguo unabadili mkono. Aliwahi kumfelisha mwanafunzi kwa kosa hilo tu.

"Tungepita kwanza kabatini, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Tuangalie pamoja."

Tabasamu la matroni halikuondoka, ila macho yalishuka.

"Huniamini, mwanangu?"

Profesa aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mtu amekutoa matopeni, wewe unataka kumpekua mifuko mbele ya watu? Aliogopa pia, kusema kweli. Aliogopa kwamba akikawia kidogo ufunguo ungerudi kwenye keki, na keki ingerudi ilikotoka. Akaupokea kwa mikono miwili, akasema asante, akatia sahihi alipoonyeshwa kwenye daftari la makabidhiano.

Matroni alimkumbatia muda mrefu.

"Nisamehe kwa mzigo ninaokuachia," alimwambia sikioni.

"Nitaubeba, mama."

Gari lilikuwa linamngoja nje. Alitoka bila kuonja keki yake, mkoba ameubana kwapani, akiwapungia wagonjwa mkono hadi mlangoni.

Mzee wa dirishani akaguna tena, safari hii bila utani, na jasho likamtoka usoni. Profesa akamfuta. Akamwambia avumilie kidogo, kwamba leo atamchoma yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na itakuwa sindano yake ya kwanza tangu aingie nchi hii. Mzee akamshika kidole akasema hata ikiuma hatalia.

Alikwenda kabatini akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu alipoaga kwao. Ufunguo ulizunguka vizuri. Maboksi yalikuwa yamepangwa kwa mstari, safi, kama mama mwenyewe alivyokuwa safi. Akainua la kwanza, likaja jepesi. Akainua la pili. Kwenye la mwisho chupa zilikuwemo, ila vifuniko vilikuwa vimebandikwa upya kwa gundi.

"Samahani, tumewakatizia sherehe."

Mwanamume na mwanamke, vitambulisho vya serikali vimening'inia shingoni, walikuwa wamesimama kwenye meza ya keki. Walisema ni wakaguzi wa dawa. Matroni aliwapigia simu mapema asubuhi, akaripoti wizi ambao ameushuku kwa muda. Wangependa kumwona mwenye ufunguo wa kabati.

Wauguzi walitazamana, keki ingali midomoni. Aliyejibu ni mzee wa dirishani. Alijiinua kwa kiwiko, maumivu na yote, akanyoosha kidole kuelekea kabatini kwa fahari ya baba anayemwonyesha bintiye.

"Ni yule pale," alisema. "Profesa wetu."