Mwanafunzi Aliyebaki

"Upo?" mwalimu wa fizikia aliiuliza simu yake.

Kisha maandishi yakatokea kwenye kioo: *Nipo mwalimu.*

Akashusha pumzi. Mkuu wa shule alishasema: siku asipoingia mwanafunzi hata mmoja, darasa la simu linafungwa. Na darasa hili alilipigania yeye, akachekwa na walimu wenzake mpaka basi. Walianza kidato kizima. Huyu akaishiwa bando, yule simu ya baba yake ikapasuka kioo, wengine wakaona afadhali mpira. Akabaki binti wa fundi cherehani peke yake.

"Baba watoto, leo tena unaufundisha ukuta?" mkewe alimtania, akipita na beseni la nguo.

"Ukuta haujibu. Huyu anajibu."

"Haya, fundisha. Mimi kichwa kinanigonga, naenda kujilaza."

Siku hizi kichwa kilimshika kila alasiri. Mwalimu alikuwa akiahidi kumpeleka hospitali, maneno yakaishia hapo hapo.

Akaegemeza kibao kwenye kochi, akachora mishale ya nguvu na mwendo.

*Mwalimu rudia, sijashika.*

Akarudia. Akarudia tena, safari hii kwa mfano wa watu wanaosukuma gari bovu.

*Hapo sawa. Kumbe kitu chenyewe rahisi hivi!*

Mwalimu akacheka peke yake kama mwehu. Mmoja tu akielewa, alijiambia, jasho langu halijaenda bure.

Jumamosi akavaa shati lake la kazini, akaenda kwa fundi kumpa hongera ya mtoto. Alimkuta ameinamia cherehani, pini mdomoni.

"Fundi, umezaa kichwa! Binti yako ndiye aliyenishikia darasa."

Fundi akatoa pini. "Binti yangu yupi?"

"Wa kidato cha tatu. Jana tu nilikuwa naye kwenye simu."

"Mwalimu, usinicheke. Yule yuko mbali, anafanya kazi za ndani tangu muhula uliopita. Hali ilitubana." Fundi akainamisha uso. "Hata simu yake niliiuza, na laini humo humo."

"Ukamuuzia nani?"

Fundi akamtazama kwa mshangao.

"Kwani mama watoto wako hakukwambia?"