Maji ya Ubao

Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani pale Vihingo, mwanamke aliyeweza kukuchapa kwa kosa la kupiga chafya tu, alikuwa ameshika ubao wangu. Akaugeuza.

Upande wa pili, kwa wino ule ule wa masizi tuliouandikia aya, nilikuwa nimemwandikia Mwanahalima, msichana mwenzangu wa pale chuoni. Kesho yake lori lingemchukua yeye na wazazi wake kwenda kijiji cha ujamaa.

"Sikupendi kama shoga yangu. Nakupenda kama watu wanaooana."

Nilitaka nimwonyeshe kwa siri, kisha nioshe. Nilichelewa.

Wasichana wote waliingoja bakora.

"Nani mwingine amesoma?" mwalimu aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna, mwalimu."

Alivuta bakuli la maji, akaosha ubao pande zote mbili kwa kidole gumba, polepole, mpaka ukabaki mtupu na maji yakawa meusi. Maji ya ubao hayamwagwi chini, kwa kuwa yamebeba maneno ya Mungu. Mwenye ubao huyanywa. Nikanyoosha mikono kuyapokea.

Hakunipa. Aliinua bakuli akanywa yeye, kwa mafunda makubwa, mpaka tone la mwisho. Masizi yakamganda mdomoni, hakuyafuta.

Akaniinamia sikioni.

"Wangu mimi, niliyempenda hivyo hivyo, walimwoza mume Mlandizi," alisema. "Mimi hata kumwandikia sikuthubutu."