Mkono kwenye Mkanda

Baraza la kijiji lilikataa kumpeleka polisi binti aliyeukata kwa kisu mkanda wa mashine ya kusaga. Lilimkabidhi kwa mwenye mashine, akafanye kazi kwake.

Asubuhi ya kwanza, mwenye mashine aliingiza mkono ndani ili auvishe mkanda mpya kwenye gurudumu.

“Kaa hapo kwenye swichi,” alimwambia binti.

Mmoja wa wanawake waliokuja kusaga akanong'ona, “Huyu mzee naye, akili zake ziko sawa?”

Binti akaweka kidole juu ya swichi. Mwenye mashine alikuwa amempa mgongo, jasho likimchuruzika shingoni.

“Haya, washa.”

“Mkono umetoka, mzee?”

“Umetoka. Washa, watu wanangoja.”

“Nionyeshe kwanza.”

Aligeuka, akauinua mkono mweusi kwa grisi, akavitanua vidole vyote.

Binti akawasha.